Igoki na Nyuzi Zake

Kuna watu wa kuweka ng'ombe, kuna watu wa kuweka mashamba, na kuna Igoki, mke wa Kaimenyi, aliyeweka nyuzi. Nyuzi za kushonea, hizi hizi za dukani. Ukifika Kaaga, mtaa wa Meru, ukaulizia nyumba yake kwa jina la Mama Linda, utaulizwa, "Yule wa nyuzi?" Kisha utaonyeshwa njia kwa heshima, maana nusu ya mtaa ule imewahi kurudishiwa kifungo na yeye.

Alizaliwa Karurumo, upande wa Embu, katika boma ambalo nguo zilishonwa kwa uzi uliochomolewa kwenye gunia. Akiwa msichana mdogo, mwalimu wake alimpa kipande cha uzi wa rangi ya chungwa, urefu wa mkono tu. Akakifunga kidoleni, akakataa kukivua hata kwa kuoga, mpaka kikachakaa. Wengine hupagawa na mapepo. Yeye alipagawa na uzi.

Baadaye alipata kazi ya matroni katika shule ya bweni ya wasichana Meru, akaolewa huko huko na Kaimenyi, dereva wa lori la majani chai. Shuleni alishona sketi zilizochanika na sweta zilizofumuka, na mabaki yote ya uzi yaliishia kwenye mfuko wa aproni yake. Akienda mjini alipitia dukani kwa Kananu, muuza vitambaa, akanunua roli moja ya rangi asiyokuwa nayo, bila kitambaa chochote cha kuendana nayo. Kananu alishazoea. Rangi mpya ikiingia, alimwekea pembeni kabla wateja wengine hawajaiona.

Nyumbani, roli nzima zilisimamishwa kwa mistari ndani ya sanduku la mbao. Mabaki aliyazungusha kwenye magunzi ya mahindi, gunzi moja kwa kila rangi. Chini alitandika majani makavu ya mkaratusi kufukuza wadudu. Sanduku lilikaa mbali na dirisha kwa kuwa jua hula rangi, na mbali na jikoni kwa kuwa moshi nao haujui adabu.

Jumapili baada ya kanisa alizipanga nyuzi zote kitandani. Hakushona chochote. Alizitazama tu, akazipapasa, akabadilisha jirani wa hii na ile, akafurahi. Kila moja ilikuwa na jina: Buni Mbivu, Chai Changa, Tope la Karurumo. Kwa Igoki huwezi kusema "nyekundu" hivi hivi. Atakuuliza nyekundu ya nani.

"Mama Linda," Kaimenyi alipenda kumtania, "hiyo mifugo yako utaipeleka malisho lini?"

"Mifugo yangu haili na haifi. Wewe yako iko wapi?"

Kaimenyi alikuwa na kuku watatu, kwa hiyo alikwenda kuwatupia mahindi.

Halafu rangi zikaanza kumkimbia Igoki. Samawati ndiyo iliyotangulia, ikawa kijivu. Zambarau ikaifuata. Manjano na kijani zikawa kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Kwanza alimlaumu Kananu kwamba siku hizi anauza nyuzi zilizofifia. Akalaumu taa ya sebuleni. Mwishowe akabaki na macho yake mwenyewe ya kulaumu, na hapo hofu ikamwingia, kwa sababu mama yake alizeeka kipofu. Alikalishwa kwenye kiti mlangoni asubuhi na kuondolewa jioni, na watoto walimpitia bila kumwamkia, wakidhani haoni basi hasikii. Igoki alikuwa na hakika kuwa kiti kile sasa kinamngoja yeye.

Akaamua kuficha. Na alificha vizuri, mama wa watu! Kila uzi ulikuwa na mahali pake sandukuni, na mkono wake ulipajua, au ndivyo alivyoamini. Ukimwomba nyeupe, mkono ulikwenda kona ya kushoto. Nyeusi, nyuma kabisa. Kaimenyi alipomwambia, "Twende tupimwe macho, sisi ni wazee sasa," alimjibu kwamba macho yake ni mazima kuliko ya mwenye kuuliza.

Krismasi Linda, bintiye, akaja nyumbani. Ni msichana mwenye upendo, na upendo wake una mikono mirefu. Mama yake alipokwenda mkutano wa akina mama kanisani, Linda alitoa mitungi ya plastiki inayoonyesha ndani, akazihamisha nyuzi zote, akazipanga upya na kuzisimamisha rafuni.

"Mum, ona! Surprise! Sasa unaziona zote bila kufungua sanduku."

Igoki alisimama mlangoni na Biblia yake mkononi. Aliona mitungi iliyojaa ukungu.

"Ni maridadi," akasema. "Asante, mwanangu." Huko ndani alihisi kama nyumba imebomolewa.

Siku ya pili Linda alileta gauni lake la manjano lililoachia pindo. "Nishonee hapa, Mum, na ile yellow iko hapo mbele."

Hapo mbele palikuwa wapi? Igoki alinyoosha mkono, akachagua mtungi kwa ujasiri wa mtu anayevuka mto usiku, akatoa roli.

Linda aliitazama ile roli. "Mum, hiyo ni green."

"Najua. Nilikuwa natafuta sindano."

"Sindano uko nayo mkononi."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Igoki aliumbuliwa na uzi wa kijani. Alikaa chini kitini, akaishika sketi ya bintiye kama mtoto.

"Msiniweke mlangoni, Linda," akasema. "Nawaomba. Mahali popote, lakini si mlangoni."

Linda hakuelewa habari za mlango mpaka alipoelezwa, na alipoelezwa wakalia wote wawili. Kesho yake walikuwa hospitalini. Daktari alimulika macho yale, akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba hutolewa, tena watu hurudi kwao kesho yake. Miaka yote ile ya kuhesabu kona za sanduku, kumbe dawa ilikuwapo! Ningekuwa karibu ningemgombeza. Lakini nani kati yetu hana kiti chake anachokiogopa?

Alipasuliwa jicho la kulia kwanza. Alilala na bandeji, akisali kwa Kiembu, lugha ya mama yake. Asubuhi muuguzi aliifungua polepole, na kitu cha kwanza kilichomwingia Igoki ni sweta ya muuguzi. Ilikuwa bluu. Si kijivu, bluu kabisa, mpaka akaishika kwa vidole.

"Usisugue jicho, usiinue kitu kizito," muuguzi akamwambia kama anayesema na bibi yake, "na usilie kwanza, shosho."

Ndipo Kaimenyi akaingia. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu, lile analovaa akihudumu kama mzee wa kanisa. Igoki alimtazama kwa furaha, kisha akatazama koti. Mshono wa bega ulikuwa zambarau inayowaka. Mfuko ulizungukwa na samawati. Kifungo cha juu kilishikwa na uzi wa waridi, cha chini yake na kijani.

"Baba Linda, hiyo koti nani alishona?"

"Ni wewe."

"Na umekuwa ukienda nayo wapi?"

"Kanisani. Kila Jumapili. Na harusi ya kina Kiunga, na mazishi ya Mutwiri."

"Ukipitisha kikapu cha sadaka mbele ya watu wote?"

"Eeh. Kiunga aliniuliza kama nimejiunga na sarakasi. Nikamwambia ni fashion."

Igoki hakucheka. "Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua kutoka kifungo cha kwanza."

"Na si ungevaa koti ingine!"

Kaimenyi alikaa ukingoni mwa kitanda, akainamisha kichwa kama mtu aliyeitwa ofisini. "Nilikuambia twende tupimwe, ukakataa. Nikaona hutaki mtu ajue," akasema. "Sasa kama ningeacha kuvaa hii, si ungeniuliza ni kwa nini?"

Igoki alimvuta kwa mkono wa koti, akavitazama vifungo kimoja kimoja kwa jicho lake jipya, na akalia, ingawa alikuwa amekatazwa.