Waliopakia Duka la Dada Yangu

Wa kulaumiwa ni wawili: mwenye ghala anayenunua mali ya wizi akijua ilikotoka, na ofisa wa usalama aliyeonyeshwa ghala hilo akalipa kisogo. Wezi wenyewe nawaweka nyuma yao, kwa kuwa bila mnunuzi wasingekuja na lori.

Nilikuwa ofisa wa biashara kabla ya kustaafu. Nitaeleza niliyoyaona, na niliyoambiwa na walioyaona.

Hapa Garsen, Mto Tana ukifurika, hakuna anayeuliza mzigo ni wa nani. Ukimkuta mtu anahamisha mali, unatia bega. Siku maji yalipofika nyuma ya soko, dada yangu mdogo alifunga duka lake akaenda Golbanti kumtoa mama yetu shambani. Huku nyuma, lori likasimama mlangoni. Wakashuka vijana nadhifu, wakaamkia watu, wakasema wametumwa na mwenye duka. Kufuli walilikata mbele ya soko zima, wakieleza kwamba ameondoka na ufunguo. Majirani wakapanga mstari, wakapokezana unga, sukari na mafuta hadi rafu zikabaki tupu.

Muuza viazi wa mlango wa pili alinisimulia huku akilia.

"Mzee, mimi hata niliwatania. Niliwaambia, 'Nyie mmezaliwa wapi? Sabuni haikai juu ya unga!' Wakacheka, 'Asante, mama.' Wakapanga upya nilivyowafundisha."

Baadaye tulisikia kwamba Hola nako maduka yalihamishwa hivyo hivyo.

Dada yangu hutia nukta ya hina chini ya kila katoni. Maji yalipopungua, niliingia katika ghala lile kama mnunuzi, nikainua katoni zilizopangwa kwa kuuzwa, nikaziona nukta hizo. Nilimleta ofisa wa usalama hadi mlangoni. Hakuingia.

"Mzee, ulishastaafu, pumzika. Hina ni ya dada yako peke yake?"

Sasa mto umepanda tena. Muuza viazi alikuja kumsaidia dada kutoa bidhaa chache alizoanza nazo upya. Dada akaziba mlango kwa mikono yake.

"Acha, mwenzangu. Nitabeba mwenyewe."

Majirani walisimama wakitazama, mikono mitupu. Maji yalimkuta hajatoa hata nusu.

Kwa hiyo nadai rasmi ghala lile lifunguliwe hadharani, mwenyewe aeleze mali ile aliinunua kwa nani, na ofisa yule ajibu, mbele ya wafanyabiashara wote wa soko hili, kwa nini hakuingia.