Muuza Viungo Aliyerudi na Jibu Sahihi

Habari ilinifikia Ijumaa asubuhi: muuza viungo wetu wa Alum Rock, mtaa wetu huku ughaibuni, amefariki dunia. Nilikuwa na safu nyingine ya gazeti mkononi, ya mambo ya siasa, nikaifuta. Wanasiasa wapo, watangoja. Huyu bwana hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kutembeleana. Kwa miaka mingi nilinunua kwake iliki na unga wa muhogo, na kila nilipotoka nilikuwa nimebeba pia kitu ambacho hakikupita kwenye mizani, nacho ni majibu.

Mgeni wa mji huu hakwami kwenye mambo makubwa. Anakwama kwenye vitu vidogo ambavyo anaona haya kuviuliza. Pipa lipi la taka linatolewa nje wiki hii? Saa zinarudishwa nyuma lini majira yakibadilika? Mtoto akipata homa apigiwe namba gani, ile ya dharura au ile nyingine? Dukani kwake haya hiyo iliisha mlangoni. Utamkuta muuguzi wa Kikenya, bado na sare ya kazini: "Uncle, hii bank holiday ni Monday hii ama ile ingine?" Naye: "Ile nyingine, mwanangu. Hii nenda kazini." Nyuma yake mama wa Kikongo: "Papa, bisi gani inafika Shard End?" Atamtajia basi na kituo cha kushukia, na kumwambia akae upande wa kushoto ili aione shule kabla hajapitilizwa. Sisi wasomi tuna tabia ya kumjibu mtu mpaka ajute kuuliza. Yeye alikujibu ukaenda zako.

Basi, miaka kadhaa nyuma, baridi ikianza kuingia, nilimleta mama yangu kutoka Unguja baada ya baba kufariki. Siku ile ile akaniuliza, "Kibla ni wapi humu ndani?" Nami, Mungu anisamehe, mtu wa Ijumaa kwa Ijumaa, nilikuwa sijui kibla cha nyumba yangu mwenyewe. Nikamwambia natoka mara moja. Nikaenda kwa muuza viungo, nikamwambia mama anauliza kibla. Foleni ilifika mlangoni, anapima bizari, akanijibu bila kuinua kichwa: "Kaskazini, bwana! Kwani umeshasahau kwenu?" Nikaona aibu, maana kweli, kwetu kila mtoto anajua kuwa kibla ni kaskazini. Nikarudi nikamtandikia mama msala kuelekea ukuta wa jikoni. Akaswali hapo baridi nzima, na kila akimaliza anamwombea baba.

Maua yalipoanza kuchanua, kengele ya mlango ikalia. Ni muuza viungo, kofia mkononi, amefunga duka mchana kweupe. Akanivuta kando. "Nilikujibu makosa," akasema. "Kwetu Makka iko kaskazini. Hapa iko kusini-mashariki. Msikitini nafuata safu tu, sijawahi kujiuliza zimeelekea wapi. Jana nimeshika dira nyumbani kwa mteja, nikamkumbuka mama yako." Nikamsihi asimwambie. Nilisema tutaugeuza msala kimya kimya, tumdanganye kuwa tunahamisha kabati. Akanitazama kama mtu aliyeona kitu kichafu kwenye mchele. "Swala ni zake," akasema, "si zako wala zangu."

Akakaa chini kwenye zulia mbele ya mama, akamweleza yote. Mama aliutazama ukuta wa jikoni. "Kwa hiyo miezi yote hii," akasema, "nimemwombea mume wangu nimeelekea friji?" Nikacheka, ulimi hauna mfupa na kicheko vilevile. Mama hakucheka. Alifunika uso kwa ukingo wa kanga, mabega yakamtetemeka, na yule bwana mzima na ndevu zake akalia pamoja naye. Halafu akasema, "Mama, sikuja mikono mitupu. Nimepita kwa imamu kwanza. Kasema aliyeuliza akafuata alichoambiwa, swala zake hazikupotea, inshallah." Mama akajifuta macho. "Kama ni hivyo nimekusamehe, mwanangu. Wewe ulikuwa na foleni. Lakini huyu," akaninyooshea kidole, "ana simu yenye dira mfukoni, na magazetini anawafundisha watu!" Loo! Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Tangu siku ile muuza viungo alibadilika. Ukimuuliza jambo asilo na hakika nalo, atakwambia, "Sijui, bwana. Pita kesho." Ataliandika kwenye kipande cha boksi karibu na mizani, na kesho ukipita jibu lipo, na anakutajia nani kampa. Siku hizi kila kitu kinajibu. Simu inajibu, makundi ya WhatsApp yanajibu, sisi waandishi ndiyo usiseme. Wa kusema "sijui" hawaonekani, na wa kukufuata mpaka nyumbani kukwambia alikosea wamebaki wachache mno. Tunasema kuuliza si ujinga, tukasahau kwamba na kujibu si lazima. Jibu la haraka halimwumizi aliyelitoa, linambebesha mzigo yule aliyeliamini.

Tulimzika Jumamosi, mvua ya rasharasha, wingu zito, jua halionekani. Niliomba nishuke kaburini na wenzangu wawili kumpokea. Alipofika mikononi mwetu, chini kule kwenye udongo, kichwa kikanizunguka, nikapoteza pande zote. Wenzangu walinitazama mimi, mtu mzima, mtu wa magazeti. Kubahatisha kungewezekana, na miaka ile ningebahatisha. Nikainua uso, watu wamejaa ukingoni, nikasema kwa sauti: "Samahanini, mimi sijui. Kibla ni wapi?" Hakuna aliyenicheka. Imamu akajibu kwa maneno mawili, "Kulia kwako." Tukamlaza kwa ubavu, tukauelekeza uso wake huko. Nina hakika ulielekea panapostahili, kwa sababu niliuliza.