Mkono Umegoma Katikati ya Sala

Leo nimefanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, jumuiya nzima inanitazama!

Wa kulia umegoma, jamani. Unafika kifuani, unaishia hapo.

Wiki iliyopita niliteleza na ndoo ya maji, nikaangukia bega. Nikanyamaza, nikajichua mafuta ya moto. Mjinga mimi.

Jirani yangu Mama Devota akaninong'oneza, "Bibi, bega limechomoka?"
"Nyamaza, tunasali."
"Utasali mpaka uwe kilema?"

Amenileta hospitali. Daktari anasema halijachomoka, ila misuli inayoinua mkono huenda imechanika.

Naogopa. Mkono huu ndio unaomsongea mzee wangu ugali.

Nani aliumia hivi akapona? Semeni, binti yangu ndiye ananiandikia hapa, atanisomea majibu yenu.

Niko kwenye benchi nasubiri kipimo, nimeupakata mkono kama kichanga.