Aliyeshika Usukani

"Katuni nzima natoa sauti mimi peke yangu, waume kwa wake!" Mkalimani wa banda la video alijigamba hivyo katikati ya soko, kifua mbele kama aliyeshinda ubunge. Lugha ya katuni zenyewe hakuijua hata neno, kwa hiyo maneno yote aliyatunga papo hapo kwenye maiki.

Jumamosi ile aliweka katuni ya zamani ya meli inayoruka angani. Alimpa kapteni sauti nzito ya kutetemesha mabati. Alimpa binti wa melini kilio kimoja tu, mwanzo hadi mwisho: "Jamani, nisaidieni!" Wasichana wa benchi la mbele wakaguna, kisha wakainuka waondoke.

Mkewe, aliyekuwa akikata tiketi mlangoni, uvumilivu ukamwishia.

"Baba Pacha, hebu itazame hiyo picha! Kapteni kazirai, usukani kashika binti. Sasa analilia nini?"

"Mama Pacha, usiniharibie kazi."

"Unaiharibu mwenyewe. Lete maiki!"

Akampokonya, na binti wa melini akapata ulimi. "We kapteni, ukimaliza kulala uje udeki!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Wasichana wakarudi kukaa. Mkalimani aliponyoosha mkono kudai maiki yake, alizomewa mpaka na watoto wake mwenyewe. Kapteni alipozinduka, alichezesha midomo bila sauti hadi meli ilipotua.

Jumatatu mkalimani akaenda dukani kununua maiki ya pili. Elfu kumi na nane.