Povu Lililokataa Kuisha

Lile povu lilikuwa na sauti yake, tss ndogo kama mafuta yanayoanza kupata moto, na hadi leo nikiisikia narudi mtaani Mbugangari, barazani kwetu, msimu wa mvua nilipochana goti kwenye jiwe jeusi la volkano. Mama alivuka mpaka pale Grande Barrière kila asubuhi kuuza vitenge mjini Goma, kwa hiyo dada yangu Hadija, aliyekuwa darasa la sita, alibakizwa nyumbani kuniuguza. Alinimiminia maji ya oksijeni, dawa ya kusafishia vidonda, kutoka chupa ya kahawia, na Mama aliweka sharti moja tu: “Povu ikiisha, uchafu imetoka. Hapo utarudia ku masomo.” Kila asubuhi Hadija alivaa sare kabisa, akainama, akamimina. Povu likapanda jeupe, likachemka. “Iko bado,” akasema, akaenda kuvua sare. Mimi nilidekezwa kwa uji mtamu na mto chini ya mguu, na sikuona haraka ya kupona. Kidonda kilikuja kufunga wakati mtihani wa taifa wa darasa la sita umeshapita. Hadija akawekwa kwenye cherehani ya shangazi, na habari za shule zikaishia hapo.

Leo mimi ni mwalimu wa biolojia. Kila mwaka nadondosha maji yaleyale juu ya kipande cha ini la ng'ombe, wanafunzi wanapiga kelele povu linapofura, nami nawaeleza kwamba ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachovunja molekuli za maji hayo kwa mamilioni ndani ya sekunde moja. Si uchafu unaotoka. Nyama safi, nyama hai, hutoa povu vilevile. Nikilisema hilo mbele ya darasa naona haya kweli, najiona nimekalia kiti cha dada yangu.

Juzi nilimpelekea Hadija suruali anipindie, nikamweleza yote. Mguu wake ukatulia juu ya kanyagio la cherehani.

“Donc, yaani ile povu ingeisha siku gani?”

“Siku nyama ingekufa.”

Akakata uzi kwa meno, akalitazama goti langu.

“Basi ni vizuri haikuisha,” akasema, akaendelea kushona.

Nilitamani anitukane.