Leonsi Alipiga Maji

Bertilla Leonsi anashona nguo hapa Chanji, mlango wa tatu kutoka kwangu. Mwezi uliopita alikosea vipimo vya sare za shule mara tatu mfululizo, hata mimi nikamwonea huruma, na huruma yangu haipatikani ovyo.

Mumewe, Leonsi, alikuwa nahodha wa boti iliyozama karibu na Wampembe, kwao ziwani, miaka tisa iliyopita. Mwaka jana alikuja mwandishi wa tamthilia, kijana mpole anayeitwa Evans, shikamoo nyingi, akamrekodi Bertilla siku nzima. Alisimulia bila kuficha kitu. Alichotaka ni watu wajue kwamba Leonsi hakuwakimbia abiria wake.

Basi tangazo la tamthilia hiyo likatoka kwenye televisheni: nahodha ameshika usukani kwa mkono mmoja, chupa kwa mwingine.

Bertilla alimpigia Evans palepale, mimi nimekaa pembeni yake. Evans akasema majina yote yamebadilishwa, na kwamba tamthilia si taarifa ya habari. Bertilla akamuuliza hiyo chupa ameitoa wapi.

"Kwako, mama. Ulisema mwenyewe alipiga maji mpaka mwisho."

Nilitamani kumnyang'anya simu nimtukane yule kijana. Kwao ziwani, kupiga maji ni kuogelea. Leonsi aliyapiga kwa mkono mmoja, mwingine umembeba mtoto wa watu, mpaka nguvu zikamwishia. Huko mjini kwa akina Evans, anayepiga maji ni mlevi. Bertilla akamweleza yote hayo polepole. Kijana akaomba radhi, akasema kipindi kimeshakabidhiwa, ila angeongeza maneno ya heshima mwishoni.

Tangu hapo Bertilla hakuwa na raha. Aliniuliza kila siku kama hayo maneno yangesema nahodha wa kweli hakuwa mlevi. Nilimjibu kwamba yatasema, na sikujua lolote.

Ijumaa tulitazama sebuleni kwangu, yeye na binti yake Faith wa darasa la tano. Nahodha alikunywa, akapepesuka, boti ikazama. Bertilla aling'ang'ania mkono wa kochi, anangoja. Maandishi yakaanza kupanda, na Faith akayasoma kwa sauti:

"Shukrani kwa Bertilla Leonsi wa Wampembe, aliyetusimulia ukweli."

Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, wewe ndiye uliyewaambia baba alikuwa amelewa?"