Kompyuta Moja ya Machimboni

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa chama chetu cha wachimbaji wadogo alinipokea ofisini Ngokolo akanikabidhi kitambaa. "Kijana, hiki chombo kimetoka mbali," alisema akionyesha kompyuta iliyofunikwa shuka. "Asubuhi unakifuta, jioni unakifunika. Hayo mengine utajifunza." Hayo mengine yalinichukua utumishi wangu wote.

Nilianza kama karani wa kuchapa, nikapelekwa Tinde kuandikisha wanachama, kisha nikarudishwa Ngokolo kutengeneza tovuti ya chama. Ninyi vijana mnaandika ukurasa mara moja, basi. Sisi tuliandika mara mbili. Vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa za mtandao, kila kimoja kilikuwa na tabia zake, na kile cha zamani kilikuwa kama ng'ombe anayegoma kuingia kwenye josho. Kila ukurasa ulioonekana vizuri kwingine, kwake ulivurugika, nami nikaanza upya. Nilikichukia, sifichi.

Ukurasa wetu wa maana kuliko yote ulikuwa wa hali ya maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu huko Geita. Kila alfajiri wakaguzi wa chama walikagua matimba, nguzo za mbao zinazozuia udongo usiporomoke, wakatuma taarifa. Duara la hatari liliandikwa LIMEFUNGWA mbele ya jina lake.

Nilipokaribia kustaafu tulipata Meneja mpya wa TEHAMA, mama mwepesi wa maamuzi. Aliniita. "Mzee wangu, hiki kivinjari kikongwe tutakibeba mpaka lini? Nani anakitumia?"

Nikafungua kumbukumbu za seva, ile mashine inayohifadhi tovuti na kuandika kila anayeingia. Kwa mwezi mzima kilitumiwa na kompyuta moja tu, huko machimboni.

"Mmoja!" nilisema, nikacheka. "Huyo atanunua simu."

"Una uhakika ni mmoja?"

"Ninao." Tukaachana nacho siku hiyo hiyo, na moyo wangu ukawa mweupe. Nikaweka ukurasa mpya, wa kisasa, wenye rangi.

Asubuhi iliyofuata simu ya ofisi ililia.

"Shikamoo, baba. Ni Mama Limbu, nina duka la steshenari huku machimboni. Hivi leo hakuna duara lililofungwa?"

"Marahaba, mama. Yamefungwa matatu. Yameandikwa kwa nyekundu."

"Kwangu hakuna nyekundu wala neno. Ni majina matupu. Mvua imepiga usiku kucha, halafu kompyuta inaniambia maduara yote ni mazima? Nimeikatalia. Sijawasomea, na wananitukana hapa."

"Unamsomea nani?"

"Wachimbaji, baba! Nawasomea kwenye kipaza sauti kila asubuhi kabla hawajashuka. Wamejaa mpaka barabarani. Na kuna kundi limeshafunga kamba viunoni, linasema halinisubiri. Fanya upesi."

Nikaifungua taarifa ya wakaguzi. Neno LIMEFUNGWA nilikuwa nimeliweka kwa msimbo mpya, yaani maagizo ya kompyuta ya kisasa, na kivinjari cha zamani kikikutana na maagizo kisiyoyaelewa huyaruka, hakisemi kitu. Kwa Mama Limbu, duara bovu na duara zima yalikuwa sawasawa. Nikamsomea majina yale matatu kwa simu, naye akayarudia kwenye kipaza sauti moja baada ya jingine. Nikasikia watu wakiguna, wengi mno, kisha sauti ya mwanamume: "Hilo la pili ndilo letu!"

"Basi fungueni kamba," Mama Limbu akamjibu. Akarudi kwenye simu. "Wamefungua. Wabeja, asante sana, baba."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, ofisi nzima ikageuka kunitazama. Nikarudisha ukurasa wa zamani, ndipo nikaenda kwa Meneja.

"Nilihesabu kompyuta, mama. Sikuhesabu watu."

"Na mimi nilikuuliza, nikakubali jibu la haraka," alisema. "Kaa chini, tupange."

Tukapanga hivi: neno la kuokoa uhai liandikwe kwanza kwa maandishi matupu, ambayo kivinjari chochote, hata kikongwe kiasi gani, kitayaonyesha. Rangi na mapambo yafuate, kwa wanaoweza kuyaona. Picha za viongozi kwenye mikutano hatukuzihangaikia. Kama hazikufunguka machimboni, hakuna aliyepiga simu kulalamika. Kwa hiyo, wanangu, kukiacha kivinjari cha zamani si dhambi, na mimi niliviacha vingi bila majuto. Lakini kabla ya kukiacha, piga simu uulize aliyekaa mbele yake ni nani na anafanya nini na unachomwandikia.

Sasa nimestaafu, naishi Ibadakuli, na usingizi wangu ni mzito. Siku ile ya simu ya Mama Limbu, saa nane mchana, lile duara la pili liliporomoka. Lilikuwa tupu. Nikienda Geita napita sokoni kifua mbele, wala hakuna mjane hata mmoja ninayemkwepa.